Paskalina, Mlinzi Wako Alitupwa Jalalani

Paskalina mwanangu,

Nina hasira, na wa kuambiwa ni wewe.

Jana nilimpeleka binti yako Ana kliniki, Karatu mjini. Nikamwuliza nesi jambo lililonikaa rohoni tangu tukuzike: mwanangu alipalilia maharage kutwa nzima haoni shida, sasa mwili ule ulishindwaje na mdudu asiyeonekana hata kwa miwani? Akasema, "Bibi, ndani ya seli zetu kuna walinzi, ni protini. Yupo mmoja kazi yake kuharibu uzao wa kirusi cha UKIMWI. Basi kirusi kinambandika alama ya takataka, na seli ikiiona ile alama inamkatakata mlinzi wake yenyewe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Paskalina, nilitaka kutukana pale pale mbele za watu!

Fisi namheshimu. Anakuja, mnapigana. Lakini huyu! Ni mwizi anayefika kwako, mbwa hamgusi, anakunong'oneza tu kwamba mbwa wako ana kichaa. Nawe mwenye nyumba unashika rungu, unamuua, unamtupa jalalani, unarudi kulala. Huo ni uanaume gani?

Njia nzima ya kurudi Mbulumbulu nikawa nawawaza wakwe zako. Kumbe wana akili moja na kirusi. Wewe ndiye uliyewalimia, ndiye uliyemwogesha mama mkwe wako mpaka akakata roho. Walipojua unaumwa wakakupa kibanda, moto wako, kikombe chako, wakasema ni metimani. Metimani gani? Sisi Wairaqw mfiwa tunamtenga, ndiyo, haingii kwa majirani wala hali nao. Lakini ina siku ya kutoka! Anatakaswa, anarudi kwa watu. Yako isiyo na mwisho waliitoa wapi?

Na wewe nawe, kiburi chako! Ukanyamaza mpaka nikaletewa maiti, mifupa mitupu. Kiburi hicho ni changu, najua, lakini mimi nisingekufa kimya. Ungeniita… ningekuja na fimbo, mwanangu. Ningekuja kwa miguu.

Leo asubuhi wifi yako kaja kumchukua Ana akakae nao likizo. Eti dawa abaki nazo bibi, wageni wasije wakauliza. "Na vyombo vyake tumeshamtengea." Anasema huku anatabasamu!

Nikammiminia Ana chai kwenye kikombe changu, akameza kidonge mbele ya wifi yako, akanywa nusu. Nusu nikanywa mimi, taratibu, namtazama usoni. Kisha nikamwambia, "Mtoto haendi. Kawasalimie." Kaondoka bila kuaga, na mkoba kausahau.

Sasa sikia, mama. Nesi anasema dawa zinakizuia kirusi kuzaana, ila zisikatishwe. Hazitakatishwa. Atameza mchana kweupe, aje mgeni, aje padri. Na nikichoka, nitakuwa nimeshamfundisha Ana kusema hapana kwa sauti, si kama wewe.

Kwaheri, Paskalina. Hasira niachie mimi, nitaifanyia kazi.

Mama yako