Karatasi Mliyomsainisha Baba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona kikohozi, nami nimekuwa wa tatu darasani.

Lakini nimekasirika, shangazi. Kwenye kikao cha ukoo mlimsainisha baba karatasi kwamba hatacheza kamari tena, nawe ukamwambia, "Kaka, huna hata haya!" Wiki haikuisha, akauza cherehani yake, naye ni fundi nguo. Bibi alipougua kisukari, mbona hamkumsainisha kwamba sukari haitapanda tena?

Daktari wa afya ya akili ametueleza kuwa kamari ya baba ni ugonjwa, na unatibika. Kliniki ni Alhamisi. Baba anasitasita. "Dada akijua, atanicheka mpaka nizikwe," anasema.

Mpigie simu, shangazi. Usimseme. Mwambie utamsindikiza.

Mwanao anayekutegemea,
Binti wa kaka yako