Maganda ya Pipani

Jumatatu, 3 Juni 1996
Betri tatu za malori leo. Mbili nimezifufua, moja nimeizika. Tangu mambo yawe ruksa, magari ya mtumba yamejaa Tukuyu kama kunguru, na yote yanakuja na betri zilizochoka. Wakifika wanaulizia fundi mmoja tu. Mimi. Nimefanya kazi Kitwe, nimefanya kazi Dar, Lusaka nimelala hoteli yenye lifti. Shule niliishia darasa la sita, lakini lifti nimepanda.

Maji machafu ya betri nimeyatia majivu mpaka povu likaisha, halafu nikayamwaga kwenye pipa langu. Ndani maganda ya ndizi, makavu, yametwangwa. Chini mchanga. Ni elimu ya Mwalimu Lugano, anayefundisha kemia sekondari. Mwaka jana alichota maji ya mfereji wangu, unaoshuka mpaka wanakofulia akina mama bondeni, akayadondoshea dawa ya maabara. Yakawa njano kama kiini cha yai. Akasema hiyo ni risasi, fundi, madini ya kwenye betri zako, inaua polepole. Sasa yanayotoka chini ya pipa hayageuki njano. Nimetangaza mpaka Ikuti: maganda yangu yanasafisha maji. Watu wanakuja kushangaa. Nawaambia wavue kofia.

Jumatano, 5 Juni
Maganda yameshiba. Mwalimu anasema risasi haipotei, inahama tu. Inatoka kwenye maji, inakaa kwenye ganda, kwa hiyo ganda lifukiwe. Nimeyatoa nikayaanika kwenye turubai nyuma ya gereji, yapungue uzito. Nitayafukia Ijumaa. Kesho nina msiba Masukulu. Nisipokwenda nani atawachekesha wafiwa?

Atupele anaendelea vizuri. Binti yangu wa pekee. Mimba ya kwanza, miezi saba, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Anakunywa maziwa ya ng'ombe wetu asubuhi na jioni. Nimemwambia mtoto atatoka na misuli.

Ijumaa, 7 Juni
Turubai tupu.

Niliuliza huku natabasamu. Mama Atupele akasema amempa ng'ombe. Tangu juzi jioni. Amechanganya na pumba na chumvi kidogo, ng'ombe kala mpaka akalamba ndoo. Hapa kwetu ganda la ndizi halitupwi. Ni la ng'ombe. Hata mtoto anayetambaa anajua.

Akaniona nilivyobadilika. "Kwani vipi, Baba Atupele? Si ulisema yanasafisha?"

Nilisema. Kweli kabisa. Nimesema sokoni, kanisani, msibani. Uchafu unakwenda wapi, hilo sikumwambia mtu. Halikuwa linachekesha.

Jioni Atupele kaletewa kikombe chake cha maziwa. Nikajikwaa makusudi, nikakimwaga. Wakacheka. Nikacheka nao. Nikaokota kikombe, nikakiosha mwenyewe.

Sijawaambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Maziwa ya asubuhi ameyanywa kabla sijatoka nje. Nimehesabu. Vikombe vinne tangu ng'ombe alipoanza kula yale maganda.

Nikakimbia kwa Mwalimu Lugano. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nikamwomba ayapime maziwa kwa ile dawa ya njano. Akasema dawa ya shule haina macho makali, risasi ikiwa kidogo haiioni. Isipogeuka njano, haina maana kwamba haipo.

Kumbe hata yale maji ya pipani, yasiyogeuka njano, bado...? Swali hilo sikulimaliza.

Nimerudi, nimewaambia wote wawili. Atupele akauliza kitu kimoja. "Na mtoto?"

Nikasema sijui, mwanangu. Katika nyumba hii sijawahi kusema sijui.

Jumatatu, 10 Juni
Hospitali. Daktari kasikiliza tumbo, kasema moyo wa mtoto unapiga. Kipimo cha risasi kwenye damu hawana. Mbeya? Hana hakika. Maziwa asiguse tena, ale vizuri, arudi kila wiki. Nikamuuliza madhara yataonekana lini. Akasema huenda yasionekane. Huenda yakaonekana mtoto akianza shule.

Miaka saba ya kungoja. Mimi hata foleni ya sukari nilikuwa siiwezi.

Ng'ombe anasaga meno. Majani hataki. Bwana mifugo kaja, kamtazama, kaondoka kichwa chini.

Jumanne, 11 Juni
Ng'ombe haoni. Anatembea mpaka ukutani, anabaki hapo kasukuma paji la uso kwenye mbao. Nimemgeuza mara nyingi. Anarudi ukutani.

Atupele alikuwa mlangoni anatazama. Nimemwambia aingie ndani. Nimemwambia kwa ukali. Naogopa akitazama. Naogopa akilala. Akisema mgongo unauma naogopa, akinyamaza ndiyo naogopa zaidi.

Jumatano, 12 Juni
Kafa asubuhi. Ukungu haujapanda, watu wameshafika na visu na masufuria. Ng'ombe akifa, nyama ni ya majirani, ndivyo tulivyo. Shemeji Ambakisye, kaka wa mke wangu, katoka Ikuti kwa miguu na panga amelinoa.

Nikasema haliwi. Wakasubiri sehemu ya kuchekesha.

"Shemeji," akasema Ambakisye, "nyama unafukia, umekuwa Mzungu?"

Mama mmoja wa bondeni akadakia, "Ndiyo uchoyo wa Kitwe huo, tulikuwa hatujauona."

Nikajibu kwa mzaha, kwa mazoea tu. Wakacheka wakaendelea kukunja mikono ya mashati. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Niliona nimeitumia vibaya sauti yangu, sasa nina neno moja la kweli na hakuna wa kulipokea. Wangekula. Watoto wao wangekula.

Nikalala juu ya ng'ombe. Mtu mzima, kwenye tope, nimemkumbatia mzoga. Nikasema yote. Pipa, maganda, maziwa, Atupele, vikombe vinne. Nikasema huyu kafa kwa sababu ya mdomo wangu. Sijui nilianza kulia wakati gani.

Ambakisye akaweka panga chini. "Ndaga, shemeji," akasema taratibu, pole ya kwetu, kama anavyosema mtu msibani. Akauliza jembe liko wapi.

Tumechimba shimo refu kuliko mimi. Yule mama wa uchoyo ndiye aliyeleta majivu ya kunyunyizia.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeshuka bondeni mwenyewe. Nimewaambia akina mama wahamie upande wa juu, mfereji wangu usikofika, maji ya chini wasiyaguse hata kwa kufulia, mpaka Mwalimu apate mahali pa kuyapima vizuri. Mmoja aliuliza, si yalisafishwa? Nikasema yalipungua. Kiasi gani sijui.

Neno hilo sasa najua kulitamka.

Gereji nimefunga. Anayekuja na betri namwelekeza Mbeya.

Jumapili, 23 Juni
Baridi. Kanisani hatujakwenda.

Baba hamuulizi binti yake habari za tumboni, si adabu. Atupele ameligundua hilo. Kila asubuhi akipita na ndoo ya maji anasema bila kunitazama, "Amecheza, baba," anaendelea na safari yake. Siku kumi sasa. Hajakosa.

Leo kapita kimya. Kikombe cha chai kikaniganda mkononi. Kafika jikoni, katua ndoo, kainua kata akanywa. Nikamsikia anapumua.

"Amecheza, baba. Nilikuwa nakungoja uulize."

Nikasema asante. Nikamaliza chai yangu ya rangi, ilikuwa imeshapoa.