Mchanga Mweusi Uliogoma Tanuruni

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Ushirombo sote wazima. Mama yako amevuna karanga, na jogoo wetu bado anamkimbiza katekista.

Unauliza kama tuliwahi kuona chuma chenye madini ya titani kikisumbua tanuruni, kama kinavyowasumbua huko kiwandani. Jina hilo hatukulijua. Ila babu yako, akiwa mchumba wangu, alikuja kumwonyesha baba yangu kwamba anaweza kuyeyusha chuma. Akaleta mchanga mweusi wa mtoni. Taka zake, ule uchafu unaojitenga na chuma, zilipoyeyuka, badala ya kutiririka kama uji, zikawa nzito kama ugali.

"Vukuteni zaidi!" baba akawaamuru vijana wa mivukuto.

Kadiri moto ulivyozidi, ndivyo zilivyozidi kuganda. Babu yako akachomeka mtaimbo, ukanasa. Baba akamshika kiuno, wakavuta pamoja. Tanuru likabomoka, wakaanguka chali, nyusi zimeungua.

Nikajua ndoa imekufa. Baba akajipangusa masizi, akasema, "Huyu haachii anachoshika. Mwozeni, lakini asisogelee tanuru langu tena."

Tangu hapo nimejua vitu vingine ukivizidishia moto huganda zaidi. Hata babu yako hakuwahi kulainika kwa kufokewa.

Bibi yako,
Nyamizi