Tuta Linaegemea kwa Mama Mkwe

Shangazi Mengia mpendwa, naomba msaada maana shaka imenikaa kooni, na kijiji chetu huku Graubünden, milimani Uswisi, ni kidogo, ukikohoa jirani anakuuliza umekunywa dawa gani,

mimi na mume wangu Curdin ni wabunifu wa mandhari, mimi nachora, yeye ndiye wa kompyuta, na mwaka huu kijiji kimetupa kazi ya kujenga tuta kubwa la udongo chini ya korongo, ili matope yakishuka mlimani yageukie mtoni, na tuta lenyewe liote majani, ng'ombe wapande wakale, na katapila yetu haina dereva Shangazi, kila asubuhi inaipima ardhi yenyewe, ikikuta mawe kompyuta inalichora tuta upya kidogo, kisha inaendelea kuchimba.

Wewe unajua kwetu hajengi mtu hata banda kabla ya kusimamisha fito za kuonyesha kimo, majirani wapite watazame na anayepinga apinge, basi tulizisimamisha, hata Bi Barla, mjane anayeishi na mbuzi wake upande wa bondeni, alikuja akatazama juu akasema, "Haya, kwa kimo hicho nimekubali," lakini kazi ilipoanza Curdin akadai fito zinaichanganya katapila, nami nikazing'oa kwa mikono yangu, na tangu hapo naona tuta linanenepa upande wa nyumba ya mama yake Curdin na kupungua upande wa Bi Barla, nikamuuliza, akasema, "Imekuta mawe, imepanga upya," nikamwambia, "Mbona kila ikipanga upya inaegemea kwa mama yako?" akacheka, "Mke wangu, sasa unaionea wivu katapila?"

Ningenyamaza, ila juzi mama mkwe alituletea keki ya njugu pale kazini, akanikatia kipande kikubwa, akasema, "Mvua za mwaka huu nitalala usingizi, mwanangu ameshaniambia," na tuta halijafika hata nusu, sasa amejuaje? Curdin ni mume mwema, sina ushahidi, nikisema nitavunja nyumba yangu, je, Shangazi, nikisubiri kazi iishe kwanza nitakuwa nimekosa?

Mwenye Shaka

*

Mwanangu, pole. Kula meza moja na mtu unayemshuku kunachosha, najua. Pole yangu inaishia hapo.

Acha kujificha nyuma ya katapila. Katapila haina mama. Ingekuwa ni mawe tu, leo ingeegemea huku, kesho kule. Ikiegemea upande mmoja kila siku, ama kuna mtu ameielekeza, ama kuna kosa na kuna mtu ameona linamfaa akaliacha. Kwa Bi Barla yote mawili ni matope mlangoni.

Tena unaniuliza kama usubiri kazi iishe. Tuta likishaisha utalisukuma kwa mabega? Kijiji hakikuikubali kompyuta yenu, kilizikubali fito, nawe ukazing'oa kwa sababu mume kasema. Msomi mzima! Hiyo keki ya mama mkwe imekufunga mdomo, na wewe umeitafuna huku unajua.

Sasa nisikilize. Hiyo katapila ina kitufe cha kuizima na unajua kilipo. Kibonyeze leo. Ita mpimaji kutoka bonde jingine, mtu asiyekuwa na mama wala mkwe hapo kijijini, azirudishe fito kwa vimo vilevile vya mwanzo, mchana, watu wakiona. Curdin akiwa safi atakuwa wa kwanza kuzishika zisianguke. Kama kweli ni mawe, aeleze mbele ya kijiji, siyo kwa utani jikoni kwako. Akinuna, basi jibu umelipata, na ndoa mtaizungumza baadaye, maana ndoa inaweza kungoja na mvua ya Juni haingoji.

Ila kabla ya kitufe, kabla ya mpimaji, kabla hata ya kumwambia Curdin neno moja, vaa viatu uende kwa Bi Barla. Mwambie ahamishe mbuzi na kitanda chake hadi fito zisimame tena. Wewe angalau una shaka. Yeye anaamini ana tuta.