Kidole cha Wema

Rumonge, Mfunguo Mosi

Kwa kaka yangu Zahor, uliyeko Ujiji. Kaniki ulizotuma zimefika. Sisi tupo. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ni wengi, tunawaanika mchangani kila asubuhi.

Umeuliza kama mwanao Wema bado haigi mtu. Nilikuwa nikimwonyesha mitumbwi, anatazama kidole changu tu. Jirani akasema, "Achana naye, mutoto iko vile." Nikaanza mimi kumwiga yeye. Akipiga mchanga, napiga. Akigeuza ndagala mmoja, nami nageuza mmoja. Zikapita siku nyingi, mwishowe akawa ananitazama, anangoja nimfuate.

Jana mchana tulikuwa tunakula pamoja na mama yake. Wema akashika tonge, akainamisha kichwa polepole mpaka kidevu kikagusa kifua. Kisha akainua kichwa, akamnyooshea mama yake kidole, akanigeukia aone kama nimeona.

Mkeo Asya alikuwa amesinzia vile vile, tonge mkononi.

Ramadhani nzima nilisema ni saumu inamchosha. Saumu ikaisha, nikasema ni joto. Mwezi ukiandama daktari wa Wadachi atapita akipapasa watu shingo kutafuta tezi, na wenye malale, ule ugonjwa wa kusinzia, watapelekwa kambini. Mimi nimeshampapasa Asya. Tezi zipo.

Njoo kabla ya hapo. Ukifika usiniulize kitu. Kaa sahani moja na mwanao, atakuonyesha mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Suad