Kimya cha Mishi

Likoni, 3 Februari 2025

Binti yangu Ruwaida,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, ila goti langu, na hilo lishazoea kusemwa. Je, baridi ya Marsabit umeizoea? Wanafunzi wakutii, au wamekuona mfupi?

Ile simu uliyoniletea imo kabatini. Niache na barua zangu. Simu humharakisha mtu akasema asilolifikiri.

Haya, nipimie hoja, kama kawaida yetu. Mapenzi, jirani yetu muuza mbaazi, asema mbaazi zake hazina changarawe hata moja. Ushahidi? Tangu aanze kuuza hajasikia mteja akilalamika! Mimi nimempima nikamkuta mwepesi: aliyevunjika jino harudi kulalamika, huenda zake akanunua kwingine. Nilipomwambia, akaniongezea upawa mmoja ili ninyamaze. Nikala, nikanyamaza.

Sasa la heri. Mahfudh wa Kisauni, yule anayewatolea watu mizigo bandarini Kipevu, amemposa mdogo wako. Ana miaka arubaini, na alfajiri haimpiti msikitini. Mtu asiyemsahau Mola wake, atamdhulumu mke? Juzi niliingia chumbani kwa Mishi na mashahidi wawili, nikamuuliza mara tatu: nikuoze? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Kimya cha mwari ni ridhaa. Laiti marehemu mama yenu angekuwapo! Ndoa itafungwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani.

Babako,
Stambuli


Marsabit, 19 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na mikono naibusu. Mimi mzima, lakini barua yako imeninyima raha. Hii ninayokuandikia ni ya nne. Tatu nimezichana, maana nilitaka hoja usiyoweza kuipangua.

Nakupimia basi, usikasirike. Mwari aliyeridhia huona haya akanyamaza, hilo nakubali. Je, kila aliyenyamaza ameridhia? Mwenye hofu hunyamaza. Aliyelia mpaka akachoka hunyamaza. Mishi hata sukari ya chai haombi. Mbele ya babake na wazee wawili angesema nini? Wewe mwenyewe, mwalimu wetu wa dini, ulitufundisha chuoni kwamba kimya hicho huangaliwa ni cha haya au ni cha hofu. Ulimwangalia macho?

Na alfajiri ya Mahfudh, Baba, ni habari ya alfajiri. Haituambii yukoje nyumbani mlango ukishafungwa.

Mapenzi umemcheka na mbaazi zake. Wallahi, hoja yako na yake ni mtu na dadake. Muulize Mishi tena, peke yake, bila mashahidi, na umwambie kwanza kwamba hata akikataa wewe ni babake.

Mwanao,
Ruwaida


Likoni, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, na Ramadhani njema. Funga yaendelea, alhamdulillahi.

Barua yako ilifika Jumamosi ile, kesho yake ya harusi, masufuria ya biriani hayajaoshwa. Nimeisoma mara mbili. Hoja ni nzuri, na ile ya mbaazi imenichoma, sikatai. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nawe tulia. Wiki ya pili hii mdogo wako yuko kwa mumewe Kisauni, na sijasikia lalamiko hata moja. Lau pangekuwa na ubaya, angesema.

Babako,
Stambuli


Marsabit, 2 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Leo siulizi habari, nitakwambia tu.

Mwezi wa nne Mishi alinipigia simu. Nikaita, "Halo, Mishi, halo," hakujibu, nikasikia pumzi tu. Nikasema huu ni mtandao wa Marsabit, nikakata, nikarudi kusahihisha daftari. Tangu siku hiyo nambari yake haipatikani. Ijumaa nikiwa darasani kisa hicho kikanijia, chaki ikaniponyoka.

Nimekusuta wewe, na mimi nimefanya lile lile. Tena nina baya zaidi. Kabla ya harusi ningaliweza kupanda basi nikaja. Siku nane nzima nilikaa kuipamba hoja, Baba, kwa kuwa nilitaka kukushinda. Naona aibu kuliandika hili.

Nenda Kisauni, tafadhali. Usiridhike na salamu za mlangoni. Ingia ndani.

Mwanao,
Ruwaida


Likoni, 27 Juni 2025

Ruwaida, mama,

Salamu zangu pokea. Ya afya usiniulize.

Barua yako ilichukua siku tano kufika, nikaenda siku ile ile. Mahfudh alinipokea kwa adabu, akaniletea kahawa, akasema Mishi amelala. Nikainuka niondoke. Nikakumbuka neno lako, nikaingia ndani. Mlango wa chumba ulikuwa na komeo kwa nje; nikalifungua, Mishi yumo. Mkono wake wa kushoto ulivunjika ukajiunga wenyewe, vibaya, bila kuonwa na daktari. Lahaula! Nimemrudisha nyumbani, na kwa kadhi tumeshakwenda.

Hasemi. Daktari asema koo halina kasoro. Hufagia kwa mkono mmoja, kisha huketi dirishani. Mapenzi humletea mbaazi kila asubuhi, amezichagua punje kwa punje yeye mwenyewe.

Watu barazani waniuliza: kama aliteswa, mbona hakusema? Nawatazama tu, maana hayo yalikuwa maneno yangu.

Jana baada ya alasiri niliketi chini, miguuni pa Mishi, nikamwomba anisamehe. Nilimuuliza mara tatu. Akainamisha kichwa, akanyamaza, vile vile kama siku ile. Safari hii nilimwangalia macho. Mimi niliyesomesha watu miaka thelathini, sikujua nimeona nini.

Usiniandikie tena, mwanangu. Njoo.

Babako