Sindano Imekwisha, Mtani Yupo

Dada Nyamizi,

Huku Mafia wananilisha pweza wa nazi mpaka naona aibu. Juzi niliteleza nikishuka mashuani, bega likateguka. Daktari wa zahanati, Mzaramo, akasema sindano ya ganzi imekwisha, zimebaki aspirini.

"Kabila gani, ndugu?"

"Siku hizi sote Watanzania."

"Kwenu wapi?"

"Tabora."

"Ah, mtani wangu Mnyamwezi! Basi dawa ipo."

Akanivua viatu, akawatangazia wagonjwa kuwa nimekufa na yeye ndiye mrithi. Nikamtukania ukoo mzima. Tusi likiwa bado mdomoni, akavuta mkono. Bega likaingia, maumivu nikayasikia baadaye.

Viatu kagoma kurudisha: eti maiti havai. Mungu akuweke, dada. Ukija kunipokea stesheni, usisahau kandambili.

Mdogo wako,
Masanja